Nilivyofanikiwa kupata majibu ya kipimo cha kinyama yanayotaja daraja la saratani ya kinywa

Mimi ni daktari wa kinywa na meno katika hospitali ya wilaya isiyo na mtaalamu wa patholojia, yaani msomaji wa nyama kwa darubini, kwa hiyo kinyama, kipande kidogo ninachokikata kidondani kwa uchunguzi, husomwa mkoa mwingine na mtu ambaye hatamwona mgonjwa. Majibu mengi yalikuwa yakirudi na maneno yaleyale: nyama haitoshi, au kilichoonekana ni seli zilizokufa tu.

Kilichoanza kubadilika ni mahali pa kukata. Katikati ya kidonda ndiko kunakotisha, lakini mara nyingi huko pameoza. Mimi hukata ukingoni, nikichukua pamoja na sehemu ndogo ya utando wenye afya, tena kwa kina, kwa sababu bila tabaka la chini msomaji hawezi kuona kama seli za saratani zimevunja mpaka wa utando na kuzama. Ganzi naichoma pembeni, si ndani ya nyama yenyewe, na badala ya kuibana kwa koleo, ambayo huziponda seli, napitisha uzi na kuiinua taratibu. Kisha nailaza juu ya karatasi ngumu, upande wa ndani chini, isijikunje, na kuitumbukiza katika formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ya asilimia 10 iliyo walau mara kumi ya ujazo wake.

Kazi ngumu zaidi, kwa maoni yangu, ni maneno. Mzee mmoja, mtumiaji wa ugoro mwenye kidonda ubavuni mwa ulimi, alikataa katakata akiamini kuwa kidonda kikiguswa na chuma kitasambaa. Nilimwambia, “Mzee wangu, ugonjwa hausambazwi na kipimo hiki, tusipokata, hospitali kubwa hawatajua watibu nini.” Alikubali baada ya binti yake kuitwa.

Safari hii majibu yalikamilika: saratani ya seli bapa, ile inayochukua zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kinywa, daraja la pili. Daraja hueleza jinsi seli zinavyofanana bado na zile zilikotoka: la kwanza huwa na lulu nyingi za keratini (vifundo vya protini ngumu kama ya kucha), la tatu karibu hazitambuliki. Hata hivyo silipi daraja uzito wote, kwani kipande kidogo huweza kutoa daraja tofauti na lile la uvimbe mzima, na kuvamiwa kwa mishipa ya fahamu pamoja na kina cha uvimbe hutabiri zaidi mwenendo wa ugonjwa. Ndiyo maana kwenye fomu huandika mahali kidonda kilipo, upana wake, muda wake na matumizi ya tumbaku au pombe, nikiomba kuvamiwa kwa mishipa na kina cha uvimbe vitajwe vikionekana.

Kidonda cha mzee huyo hakikufika upana wa sentimita 2, na kwa upana peke yake kingehesabiwa T1, ngazi ya chini katika kipimo cha ukubwa wa uvimbe. Kina cha milimita 7, kilichopimwa baada ya upasuaji, kilikipandisha hadi T2.