Mwenye Dani Kubwa Ndiye Hulipa

Ukitoka stesheni ya treni ya chini ya ardhi ya Gangnam, Seoul, ukaupita msongamano wa maduka ya vipodozi na mikahawa, kuna njia inayopanda kilima kifupi cha kukata pumzi. Juu yake ndipo ilipo Kukkiwon, makao makuu ya taekwondo, mchezo wa kupigana wa Kikorea. Sisi tulioanzia kwenye sakafu ya saruji ya bwalo la shule huko Temeke tulizoea kuitaja Kukkiwon kama watu wanaotaja Ikulu. Nikakuta jengo la makamo, lenye paa la vigae la mtindo wa Kikorea na ukumbi wa kawaida tu. Lilifunguliwa Novemba 30, 1972, na halina haja ya kuuficha umri wake. Mashindano ya kwanza ya dunia yalichezwa humo Mei 1973, na mara yalipokwisha shirikisho la dunia likaundwa. Cheti changu cha dani, yaani daraja la mkanda mweusi, ambacho mama amekitundika sebuleni Tanga karibu na picha ya Kaaba, kilitoka kwenye jengo hili.

Simulizi rasmi hupenda kuanzia mbali, kwa vijana mashujaa wa ufalme wa Silla. Inawezekana pana ukoo huko nyuma, lakini lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba shule za kwanza zilifunguliwa miaka ya 1940 na watu ambao wengi wao walijifunza karate Japani. Lee Won-kuk alianzisha Chung Do Kwan mwaka 1944, Korea ikiwa bado chini ya Wajapani. Jina taekwondo lilichaguliwa mwaka 1955. Jenerali Choi Hong Hi akaunda shirikisho lake la ITF mwaka 1966, akahamia Kanada mwaka 1972, na tangu hapo ukoo una matawi mawili yasiyokaa meza moja kirahisi. Sioni aibu yoyote katika asili hiyo. Wenyeji wengine wanaiona, nami nikajifunza mapema kutoliingiza jambo hilo kwenye maongezi ya chakula.

Sikwenda Korea kutazama majengo, hata hivyo. Nilialikwa na sabumu (mwalimu) mmoja aliyewahi kuletwa Dar es Salaam kutufundisha, ambaye aliondoka kwetu akijua Kiswahili cha daladala na akiwa mateka wa chipsi mayai. Sasa ana dojangi (ukumbi wa mazoezi) yake mtaa wa Mapo, ghorofa ya nne. Chini yake kuna darasa la piano, chini ya piano kuna masomo ya ziada ya hesabu, na chini kabisa duka la dawa.

Nilitarajia wanaume wenye shingo nene. Nikakuta watoto.

Walikuja kwa mafungu kuanzia mchana shule zinapofungwa hadi jioni, wakishushwa na gari dogo la njano. Rangi hiyo ni amri ya sheria kwa magari yanayobeba watoto. Wazazi wa Seoul hutoka kazini usiku, kwa hiyo dojangi ya mtaani ndiyo inayompokea mtoto, inamfundisha mateke, inamrukisha kamba, inamfunga kamba za viatu na kumrudisha mlangoni kwao. Wengi walivaa mkanda wenye nusu nyekundu na nusu nyeusi, maana aliye chini ya miaka 15 hapewi dani, hupewa pum, daraja la watoto. Baadhi waliupata baada ya takriban mwaka mmoja. Kwetu mtu hupoteza kucha kadhaa kabla ya kuufikia mkanda wowote wenye weusi, nami nilimwambia hivyo sabumu. Akacheka. Akasema kwao mkanda mweusi ni cheti cha shule ya msingi. Mwanafunzi wa kweli huanza kuonekana baada ya hapo.

Watoto walipozidi makelele alifoka, "Kimya!" Kwa Kiswahili kabisa. Wote wakaganda. Wanaamini ni amri ya zamani ya taekwondo, naye hajaona sababu ya kuwasahihisha.

Adabu ya pale haina hotuba. Viatu vinapangwa ncha zikielekea mlangoni. Unapoingia unainamia bendera, kisha mwalimu. Mkanda ukilegea, unageuka nyuma na kumpa mkubwa mgongo ndipo unaufunga, kwa kuwa kujirekebisha nguo mbele ya uso wa mtu ni utovu. Kitu hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili. "Charyot!" miguu inafungwa, "Kyongne!" viuno vinapinda. Hayo yote nilikuwa nayo tangu Temeke. Geni kwangu lilikuwa swali la kwanza la kila mtu, wakubwa kwa wadogo: una miaka mingapi? Kijana mmoja wa miaka saba aliniuliza kabla hajaniuliza jina. Sabumu akaeleza kwamba mtoto hakuwa mchokozi. Kikorea hakikuruhusu umalize sentensi moja kabla hujajua aliye mbele yako ni mkubwa au mdogo kwako. Kwa mtu aliyelelewa kwa shikamoo hilo lilikuwa rahisi kumeza, ila sisi tukishaitikiwa marahaba mambo huwa yamekwisha, tunaendelea na maongezi yetu kama kawaida. Wao ukubwa unawafuata hadi kwenye kitenzi cha mwisho.

Darasa la watu wazima lilikuwa usiku: karani wa benki, muuguzi, wanafunzi wawili wa chuo, na mzee mwenye dani ya sita aliyekuwa na duka la vifaa vya umeme. Tulirudia pumse (mfululizo wa miondoko) ya Koryo, ile ya mkanda mweusi wa kwanza, mpaka mapaja yakawaka. Mzee hakusahihisha kwa maneno. Alikuja akasimama pembeni yako akaifanya pamoja nawe polepole, na kosa lako likajianika lenyewe. Mwisho wa mazoezi nilikimbilia fagio la kupigia deki, nikidhani mgeni mdogo wa dani ndiye mwenye zamu. Muuguzi, ambaye ana dani tatu na anafuatia kwa ukubwa baada ya mzee, alikuwa ameshalishika na hakuliachia.

Kisha tukaenda kula, na hapo ndipo nilipoielewa ile ngazi. Kawaida yao baada ya mazoezi ni nyama ya nguruwe ya kuchoma na soju, pombe yao. Sabumu aliwaambia mimi ni Mwislamu, na mzee akageuza njia bila mjadala akatupeleka kwa mama mmoja anayechoma samaki. Waliletwa samaki ambao Tanga wangeitwa vibua bila kubishaniwa. Hakuna aliyegusa kijiko kabla ya mzee. Mdogo humimina kwa mikono miwili, hakuna anayejimiminia. Wadogo walipokunywa waligeuza uso pembeni. Mimi nilimiminiwa chai ya shayiri, na kila kikombe kilipopungua mtu alikuwa ameshakiona. Bili ilipokuja hakuna aliyeitazama ila mzee. Tulipohamia mkahawa wa pili kwa kahawa, alilipa muuguzi. Wanafunzi wa chuo hawakulipa hata senti na hawakuonyesha wasiwasi wowote. Nilifanya hesabu: anayeinamiwa zaidi ndiye anayefungua pochi, ndiye anayepiga deki, ndiye anayepigiwa simu mwanafunzi akipata ajali au akitafuta kazi. Kwetu nimeona walimu waliochukua upande wa kuinamiwa wakauacha ule mwingine, na klabu zao hazikudumu.

Lina ubaya wake pia. Mmoja wa wale wanafunzi aliniambia, mzee akiwa msalani, kwamba akiona mkubwa anakosea hana namna ya kusema. Anasubiri. Wakati mwingine anasubiri miaka.

Kutoka Seoul nilipita Chungju kuona taekkyeon, mchezo wa zamani ambao UNESCO iliutambua mwaka 2011. Ulinusurika kwa sababu mtu mmoja, Song Deok-gi, aliyezaliwa mwaka 1893, aliufundisha kwa kizazi kilichofuata kabla hajafariki mwaka 1987. Wachezaji wanayumba kwa hatua za pembe tatu wakiwa katika mavazi meupe yaliyolegea, mtu atasema wanacheza ngoma, mpaka mguu wa mmoja unapomfagia mwenzake. Watazamaji wanacheka na kutoa maoni. Ni ugomvi wa kijijini uliopewa kanuni, na niliupenda kuliko nilivyokusudia.

Golgulsa, karibu na Gyeongju, ni jambo jingine kabisa. Ni hekalu la Kibudha lililochimbwa kwenye jabali, lenye sanamu ya Budha iliyochongwa ukutani juu, na watawa wake hufundisha sunmudo, mazoezi ya kupigana yaliyofungwa kwenye pumzi na kutafakari. Mgeni hulala hapo na kufuata ratiba yao. Mchana ulipotolewa utaratibu, niliona kuna kusujudu mara 108 mbele ya sanamu.

Suala hili lina historia kwetu. Tanga na Zanzibar nimesikia vijana wakiambiwa taekwondo ni haramu kwa sababu ya kuinama. Mimi kuinama wima kumsalimu mwalimu nakuchukulia kuwa salamu, wala usingizi haunipotei. Kusujudu ni kwingine. Nikamfuata mama anayepokea wageni nikamweleza. Hakushangaa wala hakubembeleza. Aliniuliza kama ninahitaji mahali pa kuswalia, akanionyesha chumba na upande wa magharibi. Kengele ilipogongwa gizani wao wakapanda kwenye ibada yao, mimi nikatawadha kwa maji ya kugandisha vidole, nikaswali. Tukakutana baadaye ukumbini.

Sunmudo inakuanika. Teke la pembeni ambalo kwa kasi mimi hulipiga vizuri, walitaka lichukue pumzi nzima kupanda na pumzi nzima kushuka. Hakuna nguvu ya kujifichia. Mtawa aliyeongoza alikuwa mwembamba, mguu wake ulikaa hewani muda mrefu bila kutikisika, naye akiongea.

Chakula cha rasmi huliwa kimya, kila mtu na mabakuli yake manne. Ukishamaliza, unayasuuza kwa maji na kipande cha figili ya achari, unakula kile kipande na kunywa yale maji, hata punje isibaki. Chakula cha hekalu hakina nyama, wala kitunguu, wala saumu. Kwa mara ya kwanza tangu nitue Incheon nilikula bila kumuuliza mtu kitu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Muju, milimani, ambako Wakorea walifungua Taekwondowon mwaka 2014: makumbusho, uwanja wa ndani, mabweni, vyote vikiwa vipya na vikubwa kupita idadi ya watu niliowaona. Mashindano ya dunia ya mwaka 2017 yalifanyika hapo, na kikundi cha Korea Kaskazini, cha upande wa ITF, kilikuja kuonyesha michezo. Nilijiunga na kambi fupi ya wageni.

"Jambo, ndugu. Unatoka fasi gani?" Nikageuka. Kijana wa Lubumbashi, dani ya tatu, hajafika miaka 30. Mimi nina dani ya pili na nimepita 40. Akili ya Kitanzania ikangoja shikamoo. Haikuja, kwao si desturi, akanipa mkono na tabasamu pana. Ukumbini alisimama mbele yangu, maana mistari hupangwa kwa dani. Mezani Wakorea wakaniketisha juu yake, maana nywele zangu zina mvi. Tulicheka hadi tukaonywa.

Jioni tukasimama mbele ya mashine ya kahawa kila mmoja akitafuta hoja. Alisema mimi ni kaka mkubwa, kwa hiyo nilipe. Nikasema yeye ndiye mwenye dani kubwa, na Seoul niliona kwa macho yangu anayelipa ni nani. Akasema Seoul mzee alikuwa na vyote viwili. Tukiwa kwenye mabishano hayo, mkufunzi wa Kikorea, mkubwa wetu kwa umri na kwa dani, akapita katikati yetu, akatumbukiza sarafu, akabonyeza mara tatu.