Mkuki kwa nguruwe: wenye bunduki wa Marekani na vita vyao vya ndani

Tarehe 4 Julai 2025 Rais Trump alitia saini sheria kubwa ya kodi na bajeti, na ndani yake kulikuwa na kifungu kifupi kilichowagombanisha wenye bunduki wenyewe kwa wenyewe. Kodi ya dola 200 kwa kila sailensa, kila raifo yenye mtutu mfupi na kila shotigani yenye mtutu mfupi ilishushwa hadi sifuri kuanzia 1 Januari 2026. Kuna waliosherehekea, na kuna walioita usaliti. Toleo la Bunge lilikuwa limeziondoa kabisa sailensa kwenye usajili wa shirikisho, na Seneti ikataka kuongeza mitutu mifupi. Mshauri wa kanuni za Seneti akasema kuufuta usajili si suala la bajeti, kifungu hicho kikakatwa. Kilichobaki ni fomu ileile, alama za vidole zilezile, picha, na nakala inayokwenda kwa mkuu wa polisi wa eneo, sasa bila malipo.

Ukizifuata siasa hizi kutoka mbali utadhani kuna kambi mbili tu, wanaopenda bunduki na wanaozichukia. Ndani ya kambi ya kwanza kuna watu wasiopikika chungu kimoja. Kwa maoni yangu ufa unaanzia kabatini: mtu hukitetea alichonacho, na asichokuwa nacho hukiacha kiende. Uchunguzi wa Pew wa 2023 ulionyesha asilimia 72 ya wenye bunduki wakitaja ulinzi kuwa sababu kubwa ya kuwa nayo, asilimia 32 uwindaji, asilimia 30 michezo ya shabaha. Sheria moja haiwachomi wote mahali pamoja. Mkuki kwa nguruwe mtamu, na hapa kila mmoja ana nguruwe wake.

Anza na inchi 16, urefu ambao mtutu wa raifo ukipungua lazima usajili, maana hapo ndipo ugomvi unapopimika. Mswada wa kwanza wa sheria ya 1934, ile iliyoanzisha kodi na usajili huu, ulilenga kudhibiti bunduki za rashasha pamoja na bastola. Walioandika waliona mbali: bastola zikidhibitiwa, mtu atakata mtutu na kitako cha raifo apate kitu cha kuficha ndani ya koti. Kwa hiyo wakaziba na mwanya huo. Baadaye bastola zikaondolewa kwenye mswada kwa shinikizo la wenye bunduki, lakini kizibo cha mwanya kikabaki. Matokeo yake ndiyo haya: bastola ya mtutu wa inchi 4 unainunua dukani kwa ukaguzi wa kawaida, ilhali raifo ya inchi 15.9 isiyosajiliwa inaweza kukupeleka gereza la shirikisho hadi miaka 10. Kodi ya dola 200 wakati ule ilikuwa karibu bei ya rashasha ya Thompson yenyewe, na haikuwahi kupandishwa.

Kipimo nacho kina utaratibu wake. Unahakikisha bunduki haina risasi, unafunga boliti (chuma kinachoziba nyuma ya mtutu), unaingiza kijiti kutoka mdomo wa mtutu hadi kigote kwenye uso wa boliti, unatia alama, unakitoa, unapima. Raifo isipungue inchi 16, shotigani isipungue 18, na urefu wa silaha nzima usipungue inchi 26, yaani sentimita 66. Wengi hukosea kwenye kifaa cha mdomoni kinachopunguza mwako. Kama kimefungwa kwa skrubu tu hakihesabiwi. Kihesabiwe lazima kishikizwe kisitoke tena, kwa mfano kwa kuchomelewa, au kwa pini ambayo tundu lake limezibwa kwa kuchomelea. Ndiyo sababu soko limejaa mitutu ya inchi 14.5 iliyochomelewa kifaa kikafikisha 16.

Kisha ikaja breisi. Ilibuniwa mwaka 2012 kumsaidia mwanajeshi mstaafu mwenye ulemavu kushika bastola kubwa kwa mkono mmoja, kwa kufungwa kwenye kigasha. ATF, idara ya shirikisho inayosimamia bunduki, ikakubali kuwa si kitako. Kabla ya muda mrefu kupita mamilioni ya watu walikuwa wakiegemeza breisi begani, na hivyo wakawa na raifo fupi isiyoitwa raifo. Januari 2023 ATF ikageuka: breisi nyingi sasa ni vitako, na wenye nazo wana siku 120 za kusajili bure, au kuiondoa, au kuweka mtutu mrefu, au kuisalimisha. Takriban maombi robo milioni yaliwasilishwa, sehemu ndogo sana ya breisi zilizouzwa. Waliosajili waliitwa waoga na wale waliokaa kimya. Juni 2024 jaji wa shirikisho huko Texas akaifuta kanuni yote. Waliosajili wakajikuta na kitu ambacho jirani yao asiyesajili hana mzigo wake: raifo fupi iliyosajiliwa huivushi mpaka wa jimbo bila kuiombea ATF ruhusa kwanza, kwa fomu nyingine. Sailensa haina sharti hilo. Usiulize mantiki.

Kuhusu ile kodi ya sifuri, mawakili waliamka mapema. Mwaka 1937 Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria ya 1934 kwa hoja kwamba Bunge lina mamlaka ya kutoza kodi. Kama kodi ni sifuri, usajili unasimamia nini? Hoja ni nzuri kweli. Cha kuchekesha ni kwamba haikupelekwa mahakamani kwa umoja. Chama cha Gun Owners of America na wenzao walifungua shauri lao Texas, na wiki chache baadaye NRA, chama kikongwe cha wenye bunduki, na Second Amendment Foundation pamoja na wengine wakafungua la kwao Missouri. Kuna faida ya kisheria katika kufungua mashauri mawili, maana mahakama za rufaa zikitofautiana Mahakama ya Juu huwa na sababu ya kuingilia. Lakini kila chama pia kinahitaji barua yake ya kuomba michango, na ushindi wa mwenzako hauleti fedha kwako.

Uhasama huu una tarehe ya kuzaliwa. NRA ilianzishwa 1871 New York na maofisa waliopigana upande wa Kaskazini, walioona askari wao hawajui kulenga. Kwa miaka mia moja kazi yake kubwa ilikuwa shabaha, na viongozi wake waliafiki mengi katika sheria za kudhibiti bunduki za 1934 na 1968. Katikati ya miaka ya 1970 uongozi ulipanga kuhamishia makao Colorado na kujikita kwenye uwindaji na mazingira. Mei 1977, mkutano mkuu wa Cincinnati, wanachama wa maisha waliojipanga vizuri walitumia kanuni za chama chenyewe kuwaondoa viongozi usiku kucha, wakamweka Harlon Carter. Tangu hapo swali la nani amelegea halijaondoka mezani. Gun Owners of America, iliyozaliwa katika muongo huohuo, imejijenga kwa kujiita chama kisicholegea.

Mfano wanaoutumia zaidi ni wa 1986. Sheria ya ulinzi wa wenye bunduki iliwapa mengi: haki ya kupita jimbo moja hadi jingine na silaha iliyofungiwa, marufuku kwa serikali ya shirikisho kuanzisha daftari la bunduki za kawaida, ukaguzi wa maduka usiozidi mmoja kwa mwaka pasipo sababu maalumu. Dakika za mwisho mbunge William Hughes wa New Jersey akachomeka kifungu: hakuna rashasha mpya kwa raia baada ya 19 Mei 1986. NRA ikaona afadhali kupoteza kipande kuliko kupoteza mswada, na Rais Reagan akasaini. Kwa hiyo rashasha ambazo raia anaweza kuuziwa ni zile zilizosajiliwa kabla ya siku hiyo, hazitaongezeka, na M16 ya aina hiyo leo inauzwa zaidi ya dola 30,000. Hapa kuna jambo linalosemwa chini chini: aliyetumbukiza fedha hizo kabatini hana haraka ya kuona kifungu cha Hughes kikifutwa, maana mali yake itashuka thamani siku hiyohiyo.

Wawindaji ndio wanaotukanwa zaidi. Huitwa “Fudd”, jina la mwindaji mmoja wa katuni, na maana yake ni mtu ambaye raifo yake ya boliti na shotigani ya bata zikiwa salama, mengine hayamhusu. Tuhuma hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1989 Bill Ruger, mwenye kiwanda cha bunduki, aliwaandikia wabunge akipendekeza magazini zisizidi risasi 15. Wapo ambao hawajamsamehe ingawa alifariki 2002. Februari 2007 Jim Zumbo, mwandishi mashuhuri wa uwindaji, aliandika kwamba raifo za mtindo wa AR, zinazofanana na M16 ya jeshi, hazifai porini na akazifananisha na silaha za magaidi. Ndani ya siku chache alikuwa amepoteza wadhamini, kipindi cha televisheni na safu yake. Smith & Wesson ilionja zaidi. Machi 2000 kampuni hiyo ya bunduki ilikubaliana na serikali ya Clinton kuhusu vifungio vya usalama na masharti kwa wauzaji wake. Wateja wakaisusia, na mwaka uliofuata kampuni iliyonunuliwa dola milioni 112.5 mnamo 1987 ikauzwa kwa milioni 15 pamoja na madeni.

Wawindaji wana jibu, na naona halisikilizwi. Tangu 1937 kuna ushuru wa asilimia 11 kwa bunduki ndefu na risasi, na tangu 1970 wa asilimia 10 kwa bastola, ambao huenda kwenye hifadhi ya wanyamapori. Wanajiona ndio waliojenga heshima ya bunduki machoni pa watu wasio nazo. Kasoro ni kwamba leo sehemu kubwa ya ushuru huo hulipwa na wanunuzi wa bastola na AR ambao hawajawahi kukanyaga pori, na hao wanalijua hilo.

Bampu-stoki iliwachanganya watu zaidi. Ni kitako kinachoteleza, kinachotumia msukumo wa nyuma ili kifyatulio kigonge kidole upya haraka haraka. Baada ya mauaji ya Las Vegas ya 1 Oktoba 2017, NRA yenyewe ilisema vifaa hivyo vinastahili udhibiti zaidi. Serikali ya Trump ikavipiga marufuku kwa kanuni iliyoanza Machi 2019, wenye navyo waviharibu au wavisalimishe, hakuna fidia. Wapiga shabaha wengi hawakujali. Kidude chenyewe huharibu ulengaji. Aliyekataa ni muuza bunduki wa Austin, Michael Cargill, aliyesalimisha vyake kisha akashtaki. Juni 2024 akashinda kwa majaji 6 dhidi ya 3, kwa hoja kwamba kila risasi bado inahitaji kifyatulio kifanye kazi yake upya. Hukumu hiyo ilihusu maneno ya sheria ya 1934, haikugusa Katiba, kwa hiyo majimbo yaliyopiga marufuku yanaendelea kama kawaida. Wanaouza vifaa hivyo mtandaoni husahau kukwambia hilo.

Mgawanyiko wa rangi ni mzito kuliko wa vifaa. Mwaka 1967 Black Panthers, kundi la wanaharakati weusi, waliingia jengo la bunge la California na bunduki mikononi kupinga mswada wa kuzuia ubebaji wa bunduki zenye risasi hadharani. Mswada ukapita, na aliyeusaini ni gavana Reagan. Julai 2016 Philando Castile, Mmarekani mweusi mwenye kibali halali cha kubeba bunduki cha Minnesota, alimwambia askari wa trafiki kwamba ana bastola, akapigwa risasi akafa. NRA ilitoa taarifa fupi isiyomtaja jina. National African American Gun Association, iliyoanzishwa 2015, ilipata wanachama wengi katika miaka iliyofuata, na usishangae: somo la kwanza kwa mwenye kibali ni namna ya kuongea na polisi barabarani, na somo hilo halimpi kila mtu usalama uleule. Baadhi ya majimbo yanakulazimisha kumwarifu askari mara moja, mengine mpaka akuulize.

Hata kubeba bila kibali, jambo ambalo majimbo 29 yanaruhusu sasa, kuna wenye bunduki wasiolipenda. Wakufunzi wanapoteza kipato cha darasa la kibali, ingawa wao hulieleza kama suala la usalama, na kwa sehemu wana haki: asiyepita darasani mara nyingi hajui kwamba kibali ndicho kinachotambuliwa na majimbo mengine. Jimbo lako likiacha kukidai, chukua tu.

Kwa ndugu zetu walioko huko: mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kununua kama raia, lakini mwenye viza ya muda, ya masomo au ya kazi, amekatazwa na sheria ya shirikisho hata kushika bunduki ya rafiki, isipokuwa kwa misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Na anayevuta bangi mara kwa mara, hata pale jimbo linaporuhusu, akijibu “hapana” kwenye swali la dawa za kulevya katika fomu 4473, ile ya kununulia bunduki dukani, amefanya kosa la jinai.

NRA yenyewe imedhoofika. Mwanasheria Mkuu wa New York aliishtaki 2020 kwa matumizi mabaya ya fedha za chama, ombi la kufilisika likatupwa 2021, Wayne LaPierre, mkuu wake wa muda mrefu, akatangaza kujiuzulu Januari 2024, na mwezi uliofuata baraza la wazee wa mahakama likamtaka arejeshe dola milioni 4.35. Mwaka huohuo wanamageuzi wanne walichaguliwa kuingia kwenye bodi, mmoja wao Jeff Knox, mwana wa Neal Knox aliyekuwa miongoni mwa waliopanga mapinduzi ya Cincinnati. Wangeweza kuwa wengi zaidi, lakini kura ya bodi ni ya wanachama wa maisha na wale wa mwaka waliolipa miaka mitano mfululizo. Waliosusa ada kwa hasira ya LaPierre walikuwa wameitupa kura yao wenyewe, na hesabu ya miaka mitano huanza upya.