Laptopu ngumu ya mtumba: itoe nje juani kabla hujatoa hela

Wadau, nimeulizwa sana siku hizi na vijana wa upimaji, na fundi mmoja wa magari makubwa naye kaniuliza hivo hivo, zile laptopu ngumu, zile wengi tunaziita za jeshi, mtu achukue ipi kwenye mtumba ili hela yake isiende bure. Nilikua najibu vipande vipande WhatsApp, sasa naona bora niandike yote hapa. Na nianze na lenyewe kabisa: kama kazi yako ni ya nje, unachonunua ni skrini. Bodi ngumu, mpini, raba za kwenye kona, vyote vizuri, lakini mashine ambayo inaanguka haivunjiki halafu saa saba mchana huoni kitu kwenye kioo, hiyo itaishia kwenye begi na utarudi kuchora kwenye karatasi.

Mi napima viwanja huku Dodoma na Singida, na anayelijua jua la huku analijua, miti yenyewe mibuyu na migunga ya kuhesabu, kivuli unakitafuta. Kuna wanaosema si utumie tu kile kidude cha kukusanyia pointi, laptopu ya nini shambani. Sawa, pointi zinaingia kule, lakini inafika saa majirani wawili wanabishana mpaka uko wapi, na mwenyekiti wa mtaa kasimama pale, na bibi mwenye shamba anataka kuona kwa macho yake mstari umepita upande gani wa mchongoma wake. Hapo lazima ufungue picha ya satelaiti na mistari juu yake, pale pale, kila mtu aone. Ukisema twendeni ofisini tukaangalie, ugomvi umeuahirisha tu, haujaumaliza.

Sasa tuongee mwanga kidogo maana ndo wauzaji wanapotuchanganyia. Mwangaza wa skrini unapimwa kwa niti. Laptopu ya kawaida ya ofisini ina niti 220 mpaka 300 hivi, za kutumia nje zinaanzia kama 800, 1000 kwenda juu. Lakini niti peke yake haitoshi, na hili watu wengi hawaambiwi. Jua la mchana linashusha karibu laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), ukivaa shati jeupe ukasimama juani, shati lenyewe linang'aa niti zaidi ya 20,000, na kioo cha kawaida cha kung'aa kinarudisha kama asilimia 4 ya kila kinachosimama mbele yake, kwahiyo shati lako linaonekana kwenye skrini likiwa na niti kama 1000 wakati picha yako chini yake ina niti 300. Nani atashinda hapo? Ndo maana unaona sura yako na shati lako, ramani huioni. Kwa hiyo tunatafuta vitu viwili kwa pamoja, taa kali ya nyuma ya skrini na kioo kilichopakwa dawa ya kupunguza mng'ao, na wewe mwenyewe ukienda field vaa shati la rangi nzito, hiyo ni bure na inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Panasonic kwenye Toughbook CF-31 walilifanyia kazi hili vizuri sana, waliweka na kichujio cha polaraizesheni ya mduara ambacho mwanga wa nje ukiingia unanaswa hautoki, na mwangaza wenyewe unaenda kutoka niti 2 mpaka 1200. Niti 2 ni za polisi na wanajeshi wa usiku, sisi hazituhusu. CF-31 mi naiheshimu, ina kinga ya IP65 yaani vumbi haliingii na maji ya kurushwa hayaingii, bodi ya magnesiamu, diski unaichomoa pembeni bila bisibisi, na ina poti ya siriali ya kizamani ile ya pini 9 ambayo totali stesheni (vile vifaa vya kupimia ardhi) nyingi za zamani bado zinaitaka, na hata mafundi wa malori wanaitafuta hiyo hiyo. Ubaya wake, ni nzito, kilo 3 na nusu inapita, na skrini ni ndogo ya inchi 13.1 yenye pikseli 1024 kwa 768 tu. Ukifungua QGIS, ile programu ya ramani, na paneli zake za leya kushoto na zana juu, ramani inabaki kidirisha. AutoCAD ya michoro ndo usiseme.

Upande wa pili kuna Dell, Latitude 5414, 5420 na 5424 Rugged, na hapa ndo nataka usome taratibu. 5424 moja na 5424 nyingine kwa nje ni ile ile, mpini ule ule, vifuniko vya poti vile vile, lakini kiwandani ilikua inatoka na skrini za aina mbili. Kuna ya HD, 1366 kwa 768, niti 220, na kuna ya FHD, 1920 kwa 1080, yenye tachi ya kusomeka nje, niti 1000. Ile ya niti 220 ni skrini ya ofisini ndani ya gamba gumu. Ilinunuliwa na watu wa maghala na viwanda, wanaofanya kazi chini ya paa, na kwao ilikua sawa kabisa. Toughbook 55 ya Panasonic nayo mambo yake ni hayo hayo, ipo ya skrini hafifu na ipo ya niti 1000. Kwa hiyo mtu akikwambia "bosi hii ni Rugged, inapiga kazi popote", hajakwambia kitu bado. Kwa Dell mwambie akusomee ile sevisi tagi, namba ya mashine iliyobandikwa chini, ingiza kwenye tovuti ya Dell upande wa sapoti, itakuletea mashine ilitoka kiwandani na nini, skrini ikiwemo. Kama hana haraka ya kukudanganya atakusomea. Na hata bila tagi, angalia rezolusheni kwenye setingi, ukikuta 1366 kwa 768 kwenye 5424 basi jibu unalo.

Ila karatasi ni karatasi, skrini ya mtumba imeshatumika miaka, taa ya nyuma inafifia na masaa, kwahiyo niti 1000 za kiwandani huenda leo hazipo. Kwenye Toughbook ukiingia baiosi (setingi za mashine yenyewe kabla Windows haijawaka) kwa F2, ukurasa wa taarifa unakuonyesha masaa yote mashine iliyofanya kazi tangu izaliwe, hicho kitu nakipenda sana, ni kama kusoma kilomita za gari. Mashine iliyokaa kwenye gari la zimamoto au polisi Marekani huenda iliwashwa mchana na usiku, na nyingi zinazofika huku zimetoka kwenye taasisi za namna hiyo, wakibadilisha zao wanaziuza kwa jumla.

Sasa kujaribu. Nenda mchana, saa sita mpaka saa nane, usiende jioni. Kwenye maduka ya Kariakoo mashine utaikuta ndani, imefunguliwa video ya rangi kali, chini ya taa ya dukani kila skrini ni nzuri. Iombe utoke nayo barazani, kwenye jua lenyewe, winga akikataa muache, ziko nyingi. Njoo na flashi yako yenye vitu viwili: ukurasa mweupe wa maandishi, na picha ya satelaiti ya eneo unalofanyia kazi kweli. Ule ukurasa mweupe usikudanganye, maandishi meusi juu ya nyeupe yanasomeka hata kwenye skrini dhaifu. Kinachokufa juani ni rangi za giza, msitu, kivuli cha nyumba, udongo mwekundu wa shamba lililolimwa, vyote vinakua tope moja. Kwenye ile picha ya satelaiti tafuta njia ya miguu inayopita kwenye vichaka, ukiiona umesimama juani na mwangaza umepandishwa mwisho, hiyo skrini inafaa. Halafu sogea pembeni kidogo uangalie kwa upande, maana wale majirani wawili hawatakaa wote mbele ya kioo, na skrini za zamani za aina ya TN ukizitazama kwa upande rangi zinageuka. Kama unavaa miwani ya jua ya polaraizdi, ile inayokata mng'ao, ivae siku hiyo, geuza na laptopu taratibu, kuna skrini kwenye pembe fulani zinakua nyeusi tii.

Hapo hapo juani utaona na mikwaruzo. Zile za tachi ya kubonyeza kwa kalamu zina karatasi ya plastiki juu, na ndani ya duka unaona safi, ila jua likipiga kila mkwaruzo unang'aa, hasa kona ya chini watu walipokua wanasainisha. Mikwaruzo michache sio shida, ila ikiwa ukungu mzima muachie.

Tukiwa kwenye baiosi, kuna jambo ambalo kwangu ni la kukataa mashine papo hapo hata kama skrini ni ya ajabu. Ikidai paswedi ya supavaiza, ile inayofunga setingi za baiosi, usikubali habari ya "fundi atatoa". Mashine za taasisi zinafungwa makusudi, na kwenye Toughbook kuitoa ni kazi kubwa kweli kweli. Angalia pia kama ile huduma ya Computrace imewashwa, kama imewashwa maana yake mwenye mali wa kwanza bado anaweza kuifuatilia na kuifunga, na hujui iliachwaje. Lingine dogo linalokula hela ni kedi ya diski, kile kifuko ambacho diski inakaa ndani, taasisi zikiuza zinachomoa diski na kifuko chake kwa usalama wa data, unakuta tundu tupu, na kifuko cha CF-31 hukipati kila duka.

Umeme ufikirie mapema. Skrini ya niti 1000 ikipandishwa mwisho inakunywa betri vibaya, na betri ya mtumba nayo imechoka. 5424 ina nafasi ya betri mbili, ukiwa nazo mbili unachomoa moja mashine ikiwa inawaka unaweka nyingine, kwa sisi wa porini hiyo ni raha sana. Chaja ya Dell ni volti 19.5, ipo kila kona mpaka Manyoni utaipata. CF-31 inatumia volti 15.6, hiyo hakikisha inakuja na chaja yake, na usije kuchomeka yoyote inayoingia tundu.

Na Windows, maana mtaniuliza. Windows 10 iliishiwa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Zipo 5424 za kizazi cha 8, ila hakikisha prosesa maana zipo na za 6 na 7. CF-31 hata ile ya mwisho, Mk5, ni kizazi cha 5, kwahiyo hiyo weka Linux, QGIS inakimbia vizuri tu, lakini kama ofisi yako inakudai Civil 3D, programu ya michoro ya Windows, basi hapo mlango umefungwa.

Mi leo ningekua natafuta, ningeanza na 5424 ya FHD niti 1000, i5 ya kizazi cha 8, betri mbili. Bajeti ikigoma, CF-31 Mk5 yenye masaa machache na chaja yake. 5424 ya niti 220 hata wakinipunguzia nusu ya bei siichukui, labda kama ni ya kukaa nayo ofisini.