Ninavyopima umeme unaozaliwa na spini zilizosokotwa ndani ya TbMnO3

TbMnO3 ni fuwele ya oksidi ya tebiamu na manganizi, na spini ni sumaku ndogo za atomi zake. Mkondo ninaoutafuta ni wa pikoampia (sehemu za trilioni za ampia) kumi kadhaa tu, kwa hiyo kazi kubwa ni kuthibitisha kwamba umetoka ndani ya fuwele na haukutoka kwenye waya.

TbMnO3 ilipata umaarufu mwaka 2003, Kimura na wenzake huko Japani walipoonyesha kwamba uga sumaku unaweza kugeuza polaraizesheni yake, yaani mtengano wa chaji chanya na hasi ndani ya fuwele, kutoka mhimili c kwenda mhimili a (a, b na c ni pande tatu za fuwele). Chini ya kelvini 41 hivi, spini za manganizi hujipanga kwa wimbi, zikikua na kupungua katika mhimili b, na umeme bado haupo. Karibu na kelvini 28 zinaanza kuzunguka katika bapa la bc, kila moja ikiwa imeinama kidogo kuliko jirani yake, kama spoku za baiskeli inayosonga. Mzunguko huo unavunja ulinganifu wa fuwele, na chaji husogea kuelekea c. Spini zikizunguka upande wa pili, ishara ya umeme nayo hugeuka. Ndiyo maana kipande kilichopozwa bila volti huwa na maeneo ya pande zote mbili yanayofutana.

Ninakata kibamba chenye unene wa mm 0.5 na eneo la mm² 4, uso wake ukiwa wima kwa mhimili c, baada ya kuhakiki mwelekeo kwa eksirei. Nyuso mbili ninazipaka rangi ya fedha ziwe elektrodi. Ukingo lazima ubaki safi kabisa: tone dogo likishuka pembeni, umeme hupita nje ya fuwele. Kibamba ninakigandisha juu ya yakuti, ambayo hupitisha joto vizuri lakini si umeme, na kipimajoto kinakaa hapo hapo. Kikiwekwa mbali karibu na hita, kilele cha mkondo kitaonekana kelvini moja au mbili juu ya mahali pake.

Kwenye kelvini 45 ninaweka volti 200, yaani kV 4 kwa sentimita, ili maeneo yote yaelekee upande mmoja, kisha ninapoza hadi 10. Hapo ninaondoa volti na kuunganisha elektrodi mbili pamoja kwa nusu saa nzima. Wengi hukatisha hatua hii, na chaji iliyobaki juu ya uso huja kusomwa kama polaraizesheni. Kisha elektromita, kipimo cha mikondo midogo sana, inaunganishwa, na ninapasha kelvini 5 kwa dakika bila kusimama: polaraizesheni inapopotea, chaji yake hutoka kama mkondo.

Hesabu ya kutarajia ninaifanya mapema. Polaraizesheni ya takriban µC (mikrokulombu) 600 kwa mita ya mraba, ikizidishwa kwa mm² 4, ni nC (nanokulombu) 2.4. Ikitoka kati ya kelvini 10 na 28, yaani sekunde 216, wastani ni pA (pikoampia) 11, na kilele karibu na 28 hupita hapo. Nikiona nanoampia, najua kuna uvujaji. Waya ukitikiswa na pampu nao hutoa pikoampia zake, basi ninaufunga imara urefu wote.

Halafu majaribio mawili ambayo siyaachi kamwe. Ninarudia kwa volti −200: mkondo lazima ugeuke ishara kwa ukubwa uleule. Ninarudia tena kwa kelvini 2.5 kwa dakika: mkondo unapungua nusu, kilele kinabaki palepale, na jumla ya chaji haibadiliki. Kilele kinachohama kasi ikibadilika ni cha chaji zilizonaswa kwenye kasoro za fuwele, na hiki kimewadanganya watu wengi kwenye oksidi za namna hii.

Kwa uga wa tesla 5 na zaidi kwenye mhimili b, polaraizesheni ya c hutoweka, hivyo ninahitaji kibamba kingine kilichokatwa kwa uso wa a. Hapo rangi ya fedha pekee haitoshi kukishikilia. Spini za tebiamu hupendelea mielekeo maalumu, kwa hiyo uga hukisokota kibamba kwa nguvu hadi king'oke au kipasuke. Ninakibana kwa vanishi kwanza, na kuipa muda wa kukauka kabla ya kupoza.