Njiwa wa Amarnath

Om Namah Shivaya, wapendwa. Mwezi wa Shravan, mwezi mtakatifu wa Bwana Shiva katika kalenda yetu ya Kihindu, umeingia, na huko Kashmir, kaskazini mwa India, mahujaji wangali wanapanda kwenda pango la Amarnath, karibu mita 3,900 juu ya usawa wa bahari. Humo ndani maji hudondoka, yakaganda, yakainuka kuwa linga ya barafu, ile nguzo iliyo alama ya Shiva.

Kisa chake tumekisikia tangu utotoni. Mama Parvati alimwomba mumewe, Bwana Shiva, amfunulie siri ya kutokufa, naye akatafuta mahali pasipo na sikio la kiumbe yeyote. Huko Pahalgam alimwacha fahali wake Nandi. Huko Chandanwari akauvua mwezi anaouvaa kichwani, na penye ziwa la Sheshnag akawaacha nyoka wake. Huko Mahagunas akamwacha hata Ganesha, mwanawe. Huko Panchtarni akaagana na zile asili tano: ardhi, maji, moto, hewa na anga. Anayepita njia ya Pahalgam leo anavikuta vituo hivyo vyote, kimoja baada ya kingine. Mwisho Shiva aliwasha moto uteketeze kila chenye uhai karibu na pango.

Wengi hufundisha hapa habari ya kuacha, na ni mafundisho mema. Mimi moyo wangu hukaa kwenye mayai. Chini ya ngozi ya kulungu aliyoikalia Shiva palikuwa na mayai ya njiwa, moto usiyafikie. Yakaanguliwa, njiwa wawili wakasikia kila neno, na inasimuliwa kwamba hawafi. Mahujaji huwatafuta pangoni kwa macho, na anayewaona hushukuru sana. Nandi mwaminifu alibaki njiani, Ganesha alibaki njiani, siri ikawafikia ndege ambao hakuna aliyewaita!

Nalo pango, wasimulizi husema, lilionekana tena kwa macho ya mchunga kondoo Mwislamu, Buta Malik. Mtu mtakatifu alimpa mfuko wa makaa. Alipofika nyumbani akakuta dhahabu. Akarudi kushukuru, asimkute mtu, akalikuta pango. Kwa vizazi kadhaa ukoo wake ulipewa fungu la sadaka za hapo.

Hata sasa, wanaowabeba wazee wetu kwa machela na kuongoza farasi kwenye zile njia nyembamba, wengi ni Waislamu wa Kashmir. Jumatatu hii, tunapoimwagia linga maji na maziwa, tuwaombee nao kwa Mahadev, yaani Shiva: miguu yao isiteleze, na watoto wao wasilale njaa msimu wa hija ukiisha.