Nilivyoweka CORS kwenye huduma zetu za kufuatilia mizigo

Nafanya kazi Kampala, kwenye mfumo wa kufuatilia mizigo inayotoka bandari ya Mombasa na kuingia Uganda kupitia Malaba na Busia. Huduma zake zimeandikwa kwa Java juu ya Jersey, fremuweki ya kutengenezea huduma za wavuti. Zamani ukurasa na data vilitoka anwani moja, kwa hiyo hakukuwa na tatizo. Tulipohamishia ukurasa wa mawakala kwenye kikoa chake, dada wa ofisi ya Malaba alipiga simu: "Kaka, ukurasa umefunguka vizuri, lakini orodha ya malori ni tupu."

Nikaita anwani ileile kwa curl, programu ya kutuma maombi bila kivinjari, data ikaja yote. Hapa ndipo wengi huanza kuhangaika na hifadhidata, kumbe seva ni nzima. Anayekataa ni kivinjari. Tangu enzi za Netscape Navigator 2, mwaka 1995, vivinjari haviachi msimbo wa ukurasa usome majibu ya asili nyingine, na asili maana yake ni protokali, jina la seva na poti kwa pamoja. Kimoja kikitofautiana, ni asili nyingine. Kwa CORS (Cross-Origin Resource Sharing), seva hukieleza kivinjari ni kurasa za wapi zinazoruhusiwa kusoma. Vijana ninaofanya nao kazi huwa nawasisitizia jambo moja: CORS hailindi seva. Mwenye curl hazuiwi nayo, basi ukaguzi wa tokeni, yaani kitambulisho cha mtumiaji kinachotumwa na ombi, usilegezwe hata kidogo.

Ukurasa wetu hutuma tokeni kwenye heda (maelezo yanayoambatana na ombi au jibu) ya Authorization, na hiyo hukifanya kivinjari kitangulize ombi la OPTIONS kuuliza kama kinaruhusiwa. Ombi hilo halibebi tokeni. Kichujio chetu cha utambulisho kilikuwa kikiona ombi lisilo na tokeni na kulijibu 401, yaani hujatambulika, wakati kivinjari kinataka jibu la mafanikio, la kati ya 200 na 299. Ombi lenyewe la data halikuwa likitumwa kabisa.

Wapo waliopendekeza tuongeze njia ya OPTIONS kwenye kila darasa la huduma. Nilikataa, kwa sababu huduma mpya ikiongezwa mtu atasahau tu. Kazi hii ni ya fremuweki, mahali pamoja. Niliandika ContainerRequestFilter, yaani kichujio cha maombi, yenye alama ya @PreMatching, ambayo hufanya kazi kabla Jersey haijatafuta darasa la kupokea ombi, na kwa hiyo kabla ya kichujio cha kawaida cha utambulisho. Ikikuta OPTIONS yenye heda za Origin na Access-Control-Request-Method, inakatiza kwa abortWith na kurudisha 204, jibu la mafanikio lisilo na maudhui. Kama kichujio chako cha utambulisho nacho ni cha @PreMatching, cha CORS kipe kipaumbele cha namba ndogo kuliko 1000, ambayo ndiyo namba ya kawaida ya vichujio vya utambulisho.

Heda za ruhusa huwekwa na ContainerResponseFilter, kichujio cha majibu, nayo hupita hata kwenye majibu yaliyokatizwa. Hili nalithamini sana. Jibu la 401 lisipokuwa na Access-Control-Allow-Origin, msimbo wa ukurasa hauwezi kulisoma, na wakala ataambiwa mtandao umeharibika ilhali tokeni yake ndiyo imeisha muda. Kwa sababu hiyohiyo niliongeza ExceptionMapper ya jumla, inayogeuza hitilafu kuwa jibu, ili hitilafu isiyotarajiwa nayo itoke na heda zake.

Nyota (*), inayoruhusu kurasa zote, sikuiweka. Haikubaliki kabisa ombi likiwa na vidakuzi, na hata bila vidakuzi, mfumo wa mizigo ya watu hauna sababu ya kusomwa na ukurasa wowote duniani. Asili zinazoruhusiwa ziko kwenye faili la mipangilio, na nalinganisha neno zima. Kuangalia mwisho wa jina tu ni hatari, kwani mtu anaweza kusajili kikoa kirefu kinachoishia kwa herufi zilezile. Asili ikipatikana kwenye orodha, nairudisha kwenye Access-Control-Allow-Origin pamoja na heda ya Vary: Origin, ili jibu la ukurasa mmoja lililohifadhiwa njiani lisipewe ukurasa mwingine.

Kilichobaki ni kasi. Mtandao ukiwa mzito, kwenda na kurudi mara mbili kwa kila ombi kunachosha. Bila heda ya Access-Control-Max-Age, kivinjari hukumbuka ruhusa kwa sekunde 5 tu. Niliweka sekunde 7200, ambazo ndizo kikomo cha Chrome; Firefox hufika 86400. Ila ruhusa hukumbukwa kwa kila anwani peke yake. Orodha ya malori inayojisasisha ilinufaika mara moja, lakini kila lori lilikuwa na anwani yake, na kulibofya mara ya kwanza bado kulianza na OPTIONS. Namba ya kontena, hali ya forodha na mahali lori lilipo, ambavyo mawakala huviuliza kila mara, nikaviingiza kwenye jibu la orodha yenyewe.