Kwa mnaoniuliza kutoka Tabora: M.Div. ya huku inasomwaje

Sinodi, mkutano mkuu wa kanisa letu la Moravian, ikikaribia, simu yangu hujaa. Wainjilisti wa Urambo, wachungaji wa Sikonge, vijana wa kwaya ya Tabora mjini niliokuwa naimba nao besi, wote swali lao ni moja: "Mtumishi, nifanyeje nami nije kusoma huko Marekani?" Wengine hawazunguki, wanasema waziwazi kwamba siku hizi bila masters hupiti kwenye kura za uongozi. Kujibu mmoja mmoja kwa sauti za WhatsApp kumenichosha, maana wakati wa baridi nikitoka darasani saa kumi na mbili jioni, kwenu ni saa nane za usiku. Naandika hapa mara moja, mtumiane.

Ninachosoma kinaitwa Master of Divinity, kwa kifupi M.Div. Ni shahada ya uzamili ya kumwandaa mtu kwa uchungaji, miaka mitatu kwa anayesoma kutwa. ATS, chombo kinachosimamia ubora wa seminari, yaani vyuo vya theolojia, za Marekani na Canada, kinataka krediti zisizopungua 72, na shule nyingi huongeza juu yake. Ndani kuna Kiebrania na Kigiriki, Agano la Kale na Jipya, historia ya kanisa, theolojia, maadili, kuhubiri na malezi ya kichungaji. Juu yake ipo Doctor of Ministry, D.Min., ya watu ambao tayari wana miaka kadhaa kwenye huduma. Hiyo ni tofauti na PhD ya watafiti, ingawa najua kwetu wote wawili wataitwa Dokta na kuwekwa viti vya mbele.

Mlango wa kuingilia ni shahada ya kwanza. Hapo ndipo wengi wenu mnapokwama: diploma ya chuo cha Biblia, hata uliyoisotea miaka mitatu, kwa kawaida peke yake haitoshi. Shule chache hupokea wachache wasio na shahada, lakini usijenge mipango ya maisha yako juu ya nafasi hizo.

Sasa nije kwenye kile ambacho hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza, nacho ndicho naona kina uzito kuliko Kiebrania chote.

Seminari nyingi huku hukupeleka hospitalini. Wanayaita mafunzo hayo CPE (Clinical Pastoral Education), yaani kujifunza kuhudumia wagonjwa kichungaji kwa vitendo, na kipindi kimoja ni kama saa 400, sehemu kubwa wodini, nyingine kwenye kikundi na msimamizi. Yalianzia kwa mchungaji mmoja, Anton Boisen, ambaye mwenyewe alikuwa amelazwa hospitali ya magonjwa ya akili. Alipopona alisema wachungaji wanasoma vitabu tu, ilhali wagonjwa nao ni maandiko yanayostahili kusomwa kwa makini. Mwaka 1925 akachukua wanafunzi wanne wa theolojia, akaanza nao katika hospitali ya Worcester, Massachusetts. Mpaka leo ndivyo inavyokwenda: unamtembelea mgonjwa, ukitoka unaandika mazungumzo yenu neno kwa neno kadiri unavyokumbuka, kisha unayasoma mbele ya wenzako na wao wanakuchambua.

Nina mzee mmoja wa kansa ambaye simsahau. Nilipoingia nikajitambulisha, akaniangalia, akasema, "Usiniombee. Ukitaka kukaa, kaa." Nikavuta kiti. Akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tabora, mji wa Tanzania ambako reli inagawanyika, moja inakwenda Kigoma ziwani, nyingine Mwanza. Uso ukabadilika. Kumbe alifanya kazi reli ujana wake wote. Tukaongea mabehewa, breki, mizigo, na jinsi treni ya kwetu inavyosimama stesheni mtu akashuka kununua karanga na asali. Dini hatukuigusa. Nilipoinuka akanishika mkono akasema nirudi.

Kwenye kikundi, mwenzangu mmoja, Mmarekani, akauliza: Mungu alikuwa wapi katika mazungumzo hayo? Mwingine akasema alikuwa palepale kwenye mabehewa. Msimamizi akanigeukia: "Na wewe, mkono wako ulikuwa unatafuta Biblia mara ngapi?" Nikajibu kwamba kwetu mchungaji akiingia wodi ya Kitete, hospitali ya Tabora, wagonjwa wa vitanda vya jirani nao huinua mikono waombewe, na ndugu wa mgonjwa watashangaa ukiondoka bila maombi. Kwetu sala ni sehemu ya salamu. Alikubali hilo, ila akasema nijue ninapoomba kwa ajili ya mgonjwa na ninapoomba kwa sababu ukimya unanitisha mimi. Bado sikubaliani naye asilimia mia. Lakini swali lile huingia nami kila chumba.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu. Sawa. Ila nikumbushe kwamba kwenye ushirika mmoja wa Tabora vijijini, mchungaji huyohuyo mmoja ndiye anayezika, anayepatanisha wanandoa, anayekaa na mjane, anayekwenda polisi kijana wa kanisa akikamatwa. Kazi yake kubwa ni kusikiliza, na hatujawahi kumfundisha kusikiliza. Tumemfundisha kuhubiri.

Jambo la pili ni uongozi wenyewe. Kila mwanafunzi hupangiwa kanisa la kutumika. Langu lina watu wasiofika thelathini siku ya Jumapili, karibu wote wenye mvi, na kinanda cha mabomba ambacho kukitunza tu ni gharama. Baraza lao linaongozwa na bibi mmoja, mwalimu mstaafu. Walikuwa wanagombana: wauze nyumba ya mchungaji watengeneze paa, au waiache. Kila mmoja alipewa dakika mbili, naye akiandika. Sauti zilipopanda aliweka kalamu chini, akanyamaza mpaka na wao wakanyamaza, kisha akasema kura itapigwa mwezi ujao, hasira zikishapoa. Hesabu ziligawiwa kwa karatasi, mpaka fedha za mishumaa. Nililiona darasa lote la utawala wa kanisa kwa macho yangu jioni ile.

Darasani nako tunasoma kazi ya Murray Bowen, daktari wa magonjwa ya akili aliyeitazama familia kama mfumo mmoja: wasiwasi wa mtu mmoja huwaambukiza wote, na anayeituliza nyumba ni yule anayebaki ametulia bila kujitenga na wenzake. Kanisa nalo linasomwa hivyohivyo. Nilipoisikia mara ya kwanza nikasema wazee wa ukoo wa Kinyamwezi walikuwa na jambo hili kabla hajazaliwa, profesa akacheka, akaniambia niandike insha. Nikaiandika.

Kwa kanisa letu hili si jambo dogo. Kwetu Moravian askofu ni baba wa kiroho; anayeshika utawala ni Mwenyekiti wa Jimbo, anayechaguliwa na sinodi. Maana yake mchungaji anaweza kutoka kwenye ushirika wa kijijini akajikuta anasimamia hospitali, shule, viwanja, magari na mishahara. Nani alimfundisha kusoma taarifa ya mapato na matumizi? Migogoro ya uongozi na mali katika makanisa yetu mnaijua, sina haja ya kuitaja. Ukiniuliza mimi, nusu yake haikuwa dhambi ya mtu, ilikuwa ni watu wazuri waliopewa kazi wasiyoandaliwa.

Na wao wana la kujifunza kwetu. Niliwaambia kwamba Tabora mapato ya sadaka husomwa mbele ya watu kila Jumapili, na asiye na pesa huleta kuku au mayai, tunanadi nje ya kanisa baada ya ibada mpaka yai moja linafika bei ya trei nzima. Wakaniomba tufanye mnada mmoja. Tulinadi maboga na jamu. Bibi mwenyekiti akashindana na mumewe kwa chupa moja ya jamu mpaka watu wakapiga vigelegele, au tuseme walijaribu.

(Kituko kingine: Tanzania ndiyo yenye Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani, lakini huku nikisema mimi ni Mmoravian, watu huniuliza kama ni wale wa biskuti. Kuna biskuti nyembamba za Krismasi zenye jina hilo. Wamishenari waliopokea kazi ya Urambo mwaka 1898 sijui wangesemaje.)

Kuhusu pesa nitakuwa mfupi. Ufadhili ukisema unalipa ada, uliza nyumba, bima ya afya na chakula vinalipwa na nani. Mwenye viza ya mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi chuoni, saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mimi napanga vitabu maktaba. Pesa zake hazitoshi kutuma nyumbani kama ndugu wanavyofikiri. Masharti ya viza hubadilika, hivyo yaulizie ubalozini, si kwa mtu aliyeingia zamani.

Kabla hujauza kiwanja, tazama karibu. Teofilo Kisanji ipo Mbeya, chuo chenye jina la askofu wetu. Walutheri wana Makumira, Arusha. Ukivuka mpaka kuingia Kenya kuna St. Paul's ya Limuru, ambayo ilianza mwaka 1903 kule Frere Town, Mombasa, na Africa International University pale Karen, Nairobi. Utasoma miongoni mwa watu wanaoijua njaa ya masika na mgogoro wa mahari bila kuelezwa. Mafunzo ya hospitalini nayo hayahitaji ndege. Kitete ipo, Hospitali ya Sikonge ni ya kanisa letu wenyewe, wachungaji wenye umri na hekima ya kusimamia vijana wapo. Nimeshamwandikia mzee mmoja wa jimbo pendekezo: wanafunzi wanne tu, kama wa Boisen, na chumba chenye mlango unaofungika. Amejibu kwamba amelipokea, na mnajua "nimelipokea" ya ofisini ina maana gani, lakini nitamkumbusha.

Kama baada ya haya bado unataka kuja, anza na barua ya jimbo. Anayeondoka bila kutumwa huwa hana pa kurudi, na seminari nyingi zitaiulizia barua hiyo. Fanya mtihani wa Kiingereza mapema. Ukitarajia kuja kufundisha chuoni Tanzania, hakikisha shule unayoiomba ina ithibati, kwa kuwa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ndiyo itakayoitambua shahada yako au kuikataa. Zungumza na mkeo au mumeo kabla ya kuzungumza na mimi. Halafu nitumie transkripti, ile karatasi ya matokeo yako ya chuo, niitazame kabla hujalipa ada ya maombi, maana hiyo hairudishwi. Jumanne na Alhamisi msipige, niko wodini.